Maji Yaliyomrudisha Mwesiga

Ma Alistidia hakuwahi kumlaani yule mtu wa mjini Bukoba aliyeelekeza mashine ya kuoshea kwa presha kwenye injini ya lori la mwanawe. Wengine walimlaani. Tajiri mwenye lori alifoka kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, na Mwesiga mwenyewe alitukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Maji yale yaliingia kwenye altaneta inayochaji betri na kwenye soketi za waya, lori likafika Muleba likikohoa, likazima mbele ya kibanja cha mama, shamba lake la migomba. Mwesiga akakaa nyumbani wiki nzima.

Kabla ya hapo Ma Alistidia alikuwa mama wa honi. Mwesiga alipita na ndizi kwenda Mwanza, akarudi na saruji, na hakusimama, kwa kuwa tajiri alilifuatilia lori kwa simu na kila kituo kilidaiwa maelezo. Alipiga honi tu. Mama alitoka migombani mbio, panga mkononi, akafika barabarani akakuta moshi wa dizeli. Lami yetu ni nzuri, sikatai. Lakini asubuhi na jioni inabeba ndizi zetu na watoto wetu kwa mwendo uleule, nasi tunasimama kando tunaipungia mkono na kuiita maendeleo.

Wiki ile ya lori bovu, fundi Najibu alikuja akafungua kila kilicholowa. Ma Alistidia alimshikia vipande, akamuuliza maswali.

"Na hapa je, maji yakigusa?"

"Hapo mama, hata jasho lako usidondoshe."

Alijifunza yote, ila moyo wake ulikuwa kwingine: kwa Mwesiga aliyekula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage mpaka akalegeza mkanda, aliyelala mpaka jua likaingia dirishani, aliyeng'oa majani makavu ya migomba bila kuombwa. Kisha lori likawaka, na nyumba ikarudi kuwa kubwa kuliko mtu mmoja.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipotulia, lori halikupiga honi. Lilipunguza mwendo, likakata kona, likaingia uani. Mama aliliacha jembe ardhini.

"Mawe," Mwesiga alisema, akimwita mama kwa Kihaya akiwa hajashuka vizuri, "naihitaji mikono yako."

Kulikuwa na kampuni inayopeleka mizigo Juba kupitia mpaka wa Mutukula. Ilitaka malori pamoja na madereva wake, na tajiri alishakubali. Kesho wangelikagua mpakani, na jambo la kwanza wangeinua kichwa cha lori watazame injini. Injini hiyo ilikuwa imevaa tope na oili, haikujulikana inavuja wapi au haivuji. Kwenye presha hakuthubutu kurudi.

"Wakikuchukua, utapita hapa siku gani?"

Mwesiga alitazama matairi. "Njia ya kule haipiti huku, Mawe."

"Hata honi?"

"Hata honi."

Mama alipangusa udongo mikononi. Halafu akauliza, "Injini imepoa?"

Haikuwa imepoa. Aliikataza mikono ya mwanawe isiiguse, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Ilipopoa, Mwesiga aliinamisha kichwa cha lori mbele, akafungua waya hasi wa betri, kisha mama akamtuma kibanjani akate mkungu. Alitaka kubaki peke yake na kazi.

Alianza pakavu. Kwa brashi aliliangusha tope lililokauka, kwa sababu ukililowesha kwanza linakuwa uji na kuingia kusikofaa. Kisha akavisha mifuko ya plastiki altaneta, kisanduku cha fyuzi, mdomo wa kuvutia hewa na kila soketi, akaifunga kwa kamba za mgomba. Maji yalikuwa kwenye kopo, yenye sabuni kidogo, na hayakumwagwa. Kitambaa kilichochovywa, kikakamuliwa, ndicho kilichoingia. Kingine kilifuata na maji safi, nacho kikiwa kimekamuliwa, halafu kikavu.

Jirani yake Dativa alikuja kuegemea ua, kinywani anatafuna akamwani, buni zilizokaushwa.

"Wewe! Unaosha lori au unamwogesha kichanga?"

"Kichanga kingekuwa kimenyamaza. Wewe unapiga kelele."

"Eti anakwenda Juba?"

"Wakimpenda."

"Kwa usafi huu watampenda, waitu, mwenzangu. Unampamba bibi harusi anayekuacha." Dativa alitema ganda, akashusha sauti. "Hilo kopo linakutazama. Likidondoka kwa bahati mbaya, nani atajua? Utakula naye mpaka Jumapili."

Dativa alicheka, akaenda zake. Ma Alistidia hakucheka. Mfuko mmoja ulikuwa umeteleza, na soketi ya karibu na pampu ilikuwa wazi. Aliijua. Ndiyo iliyomsumbua Najibu kuliko zote. Kopo lilikuwa mkononi mwake tayari, na hakukumbuka kuliinua.

Aliona wiki nzima ndani ya kopo lile. Aliona sahani mbili mezani na viatu vikubwa mlangoni, akaisikia sauti ya kiume ikiuliza chumvi iko wapi. Mkono uliinama, maji yakafika ukingoni.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo alikuwa hapendi kulikumbuka. Kila asubuhi ya wiki ile, kabla hata ya kunawa uso, Mwesiga alipanda kwenye lori na kujaribu ufunguo. Lilipokataa, alilaza paji la uso kwenye usukani akabaki hivyo. Mama alimwona kupitia dirisha la jikoni, akaendelea kuchochea moto, na ndani yake alikuwa na furaha. Mwanawe alikuwa amefungwa, naye alikifurahia kifungo.

Aliliweka kopo chini, mbali. Alikausha vidole kwenye kanga, akaurudisha mfuko, akaikaza kamba mpaka ikalia.

Injini ilipofunuliwa na kuachwa juani ikauke, walikula. Jua lilikuwa la upole, nalo lilichukua muda wake, mama hakulihimiza. Dativa alirudi bila kualikwa, akajipakulia, akaanza utani.

"Mwesiga, unajua mama yako alikaribia kulizamisha lori lako?"

"Mimi? Ni wewe shetani uliyenong'ona kwenye ua!"

Mwesiga alicheka pamoja nao, kisha akaacha. "Ungelimwagia, Mawe, nisingekasirika."

"Ningekasirika mimi," alisema. "Mwana wange, sitaki ukae kwangu kwa sababu gari limekushinda. Mama si gereji."

Mwesiga alichovya ndizi ya mwisho kwenye maharage akaila taratibu, kama mtu anayetaka sahani isiishe.

Betri ilirudishiwa waya wake. Lori liliwaka mara ya kwanza, sauti safi, bila kikohozi. Injini iling'aa hivi kwamba Mwesiga alichelewa kuifunika. Alimkumbatia mama yake, shati likapata harufu ya sabuni, akaondoka kuelekea Bukoba na mpaka.

Kesho yake simu ililia mchana, mama akiwa kwenye migomba.

"Wamelichukua, Mawe. Wameona hakuna panapovuja. Tunapakia keshokutwa."

"Nimefurahi," alisema, na ilikuwa kweli, na ilimuuma.

"Nitakupigia nikiwa njiani."

"Nisikilize. Wakikupa likizo, usije na lori. Njoo kwa basi."

"Kwa basi? Kwa nini, Mawe?"

"Basi linakushusha halafu linaondoka zake. Lori likiondoka linakuchukua."

Kulikuwa na kelele nyingi upande wa Mwesiga: malori, watu, mlio wa breki. Mama alibana simu sikioni asikose neno, akaziba sikio la pili kwa kiganja chenye udongo.

"Unanisikia?" aliuliza.

"Nakusikia, Mawe. Bado nakusikia."

Akabaki amesimama pale, asitake kuwa wa kwanza kukata simu.