Sisi Huku ni Wazima

Agosti 1956 nilimpoteza mke wangu. Tulimzika Nakuru, maana sikuwa na njia ya kumfikisha kwao Bunyore. Tangu siku hiyo sikushika kalamu. Nilishika brashi ya kazini tu, nikiandika majina ya stesheni kwenye magunia ya mahindi katika ghala la reli.

Kabla ya hapo niliandika kila Jumapili. Tukitoka kanisani tulikaa chumbani kwetu mtaa wa Bondeni, karatasi juu ya sanduku la nguo, yeye akichambua maharagwe na kunitajia maneno ya kumwandikia mama yake. Yeye hakusoma. Mimi nilifika darasa la nne, nikajiona mwandishi.

"Mwambie mama vumbi la ziwa lililokauka limeingia mpaka kwenye unga," alisema siku moja. "Mwambie kuku ametaga ndani ya kofia yako ya kazi, nawe ukaivaa."

"Hilo siandiki."

"Andika bwana, mama acheke!"

Sikuandika. Barua zetu zilisomwa na mwalimu wa kanisa la kwao, nami niliona haya. Niliandika kama tulivyofundishwa shuleni: Sisi huku ni wazima, hofu ni kwenu tu.

Oktoba nilipata likizo, nikapanda treni kwenda kumwona mama mkwe. Kwa desturi yetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Aliketi nje ameegemea ukuta, mimi ndani karibu na mlango. Akasukuma kopo la majani ya chai kizingitini bila kugeuka. Ndani yake zilikuwemo barua zote.

"Nisomee, mkwe wangu. Mwalimu husoma kama anayekimbia mvua."

Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa moja, tofauti ilikuwa tarehe. Nilimtafuta mke wangu katika karatasi zile, sikumpata hata mstari mmoja.

"Mwanangu alikuwa na mdomo tangu utoto," mama akasema. "Kwako alifungwa na nini?"

Nikamweleza habari ya kuku na kofia. Alicheka mpaka akakohoa, kisha nikamsikia analia. Baadaye akasema, "Endelea."

Ilibaki moja, ya Julai. Sisi huku ni wazima, nikasoma, nikaishia hapo.

"Hiyo naikumbuka," akasema. "Nilikuwa nimepanga kuja kwenu baada ya mavuno. Niliposikia ninyi ni wazima nikasema basi, nitakwenda mwaka mwingine."

Nilikuwa na la kumwambia, na ukuta tu ndio uliotutenganisha, lakini niliikunja barua nikairudisha koponi. Kesho yake aliniachia kopo lile. "Chukua. Mimi sisomi."

Niliporudi Nakuru, kila Jumapili nikawa natoa barua moja. Naisoma, najaribu kukumbuka mke wangu alichokuwa amesema siku ile, naandika nyuma ya karatasi. Nyingine zilinipa maneno mawili matatu. Nyingine hazikunipa kitu, nikaziacha tupu. Sikutaka kumtungia maneno. Nilikuwa nimemtungia ya kutosha.

Ile ya Julai niliiruka mara nyingi. Maneno yake nilikuwa nayo yote.

"Mwambie mama ubavu unanichoma nikivuta pumzi," alisema Jumapili ile. "Mwambie aje."

Nikamwambia tusimtishe mtu mzima kwa maumivu ya siku mbili. Alinitazama, akarudi kwenye maharagwe yake. "Haya. Wewe ndiye unayejua kuandika."

Hakupona. Wiki ya nne alikufa.

Jumapili moja ya Desemba nilichukua karatasi mpya, nikamwandikia mama hayo yote, alivyosema mwanawe na nilivyoandika mimi, nikijua mwalimu ndiye atakayeyasoma kwa sauti. Sikuweka salamu.

Jibu lilifika Januari, kwa mwandiko wa mwalimu. Lilianza na salamu ndefu, wao wazima, hofu ni kwangu tu. Chini kabisa aliandika: "Mama anasema amesikia. Anauliza ulikuwa ubavu upi."

Nikachukua karatasi, nikaandika: "Wa kushoto." Nikaipeleka posta siku hiyo hiyo.