Ukurasa wangu wa nane na chaki ya Bi Mize

Wakuu, heshima yenu. Nimemuahidi mama yangu kwamba hapa sipunguzi wala siongezi, hata pale nitakapoonekana mpumbavu. Na nitaonekana.

Mimi ni mchoraji, kwetu ni huku Mtambile, Pemba. Nilikuwa natengeneza graphic novel, yaani kitabu kizima cha hadithi kwa katuni, kuhusu uvumi na namna unavyoumiza watu.

Ndiyo, kuhusu uvumi. Chekeni tu.

Hadithi yenyewe niliiokota mlangoni. Kulikuwa na zoezi la kugawa dawa ya minyoo kwa watoto, nyumba kwa nyumba. Mtaani kwetu mgawaji alikuwa Bi Mize, jirani yetu, mjane, aliyenisomesha chuoni, yaani madrasa, nikiwa mdogo. Akimaliza nyumba anaandika mlangoni kwa chaki: watoto wako wangapi, waliokunywa wangapi. Basi.

Sasa kwetu watoto hawahesabiwi ovyo. Ukimuuliza mtu ana watoto wangapi atakwambia "Mungu kajaalia", na wewe unanyamaza. Nikaona hapo pana hadithi.

Ukurasa wa nane nikamchora mama mmoja na chaki, mlango wenye namba, na mzee pembeni anasema: "Wanawahesabu wanetu. Walohesabiwa hawatazaa."

Kuanzia wa tisa hadi wa arubaini nilionyesha huyo mzee alivyokosea, na nani aliumia.

Nikaupiga picha ule wa nane peke yake, nikautupia group la kijiji. Nilitaka sifa, sina la kuficha. Chini niliandika "kitabu kinakuja inshaallah", lakini watu walipoi-forward picha, maneno yale yalibaki nyuma.

Kosa la pili, mimi huchora ninachokiona. Mlango ulikuwa wa Bi Mize, wa buluu, na ufa wake. Yule mama nilimvika miwani yake iliyofungwa uzi.

Siku ya kwanza nilipewa sifa. Siku ya tatu chaki ilishafutwa milango yote. Mama mmoja alimtia mwanawe vidole kooni atapike dawa. Mimi nikawa napita kwa Bi Mize nikiangalia chini, najiambia yatapoa.

Ukaingia msimu wa karafuu.

Kwa msiojua: karafuu ikishuka mtini haingoji mtu. Lazima ichambuliwe, itolewe kwenye makonyo yake, vile vijiti vinavyoishika, ianikwe juani. Ukichelewa inavunda, inakuwa mpeta, haina kazi tena. Ndiyo maana majirani hukusanyika alasiri, leo kwa huyu, kesho kwa yule, bila kualikwa. Tangu nipate akili sijaona Bi Mize akikosa kwa mtu.

Siku yake ikafika. Akatandika majamvi matatu, akamwaga karafuu, akapika chai ya tangawizi.

Hakuja mtu.

Nilikuwa dirishani. Wakuu, nikawa nachungulia njia kama mwenye kungoja mgeni. Nusu saa nzima najidanganya kwamba watu wanaswali.

Mama akajifunga kanga yake kwenda. Mlangoni akageuka: "Weye ndo ulochora. Weye ndo utakwenda kusema. Wakaa kuno wangoja nini?"

Nikaenda dukani kwa Mzee Faki, wanakokaa watu baada ya swala. Nikawafungulia kurasa zote arubaini. Nikasema nimetunga mimi, mzee huyu hayupo, maneno haya niliyaandika nimelala kitandani kwangu.

Mzee Faki akazipitia moja moja, kwa adabu, hadi ya mwisho. Halafu akaniuliza taratibu, kwa huruma kabisa: "Wamekupa nini hao wa dawa, mwanangu, hata useme vino?"

Nikaapa. Mwengine akanipiga bega: "Tunajua, Hamadi. Wamekutisha."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Uwongo wangu waliupokea siku moja. Ukweli wangu nao wakaufanya ushahidi wa uwongo ule ule.

Nikarudi kwa Bi Mize. Mama alishakaa jamvini. Tukachambua watu watatu kazi ya watu ishirini, na magharibi ikatukuta hata nusu hatujafika.

Nikamwambia Bi Mize kila kitu. Alikuwa hajui kwamba picha ilitoka kwangu. Vidole vyake havikusimama.

"Chaki yenyewe n'likufunza mie kuishika," alisema.

Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu.

Karafuu nyingi zilivunda. Msimu uliofuata ilipofika zamu ya Mzee Faki, Bi Mize alikwenda kama kawaida yake, akakaa jamvini. Kina mama wakamsalimia vizuri tu. Kisha wakawaita kwao watoto waliokuwa wakicheza karibu naye, mmoja mmoja, kwa majina.

Tangu siku hiyo hatandiki jamvi, wala haendi kwa mtu.

Nilichojifunza: wasiwasi wa watu si kitu cha kuchezea ili usifiwe. Ukitoa kipande cha kutisha, toa na kilichobaki papo hapo, kwa sababu kesho hakuna atakayekisoma.

Karibuni kwenye comments, hata wa kunitukana. Ila nina ombi. Kama picha ya mlango wa buluu iliwahi kukufikia, sema uko wapi. Na kama uli-forward, sikulaumu. Niambie tu ulimtumia nani, nimtumie zile kurasa thelathini na mbili.