Siku Tuliyoenda Kufua Nyuma ya Kisiwa

Mwenye duka akikata mche wa sabuni kwa waya, harufu yake hunirudisha kwenye ufuo uliojificha nyuma ya kisiwa chetu, mahali maji yalipoporomoka kutoka mlimani hadi ziwani.

Baba alikuwa amezikwa miezi michache tu. Siku hiyo ndugu zake walikuwa wamekaa nyumbani kuamua nani kati yao angemrithi mama. Mama alijitwika beseni, akasema tunaenda kufua. Nilishangaa kuona amebeba hata nguo safi.

Maji yalinguruma hivi kwamba usingesikia mtu akija nyuma yako. Mama hakufua. Alisimama ameshika sabuni, akitazama ziwa, kisha njia, kisha ziwa tena.

“Mama, mbona hatufui?”

“Nyamaza. Ukiona mtu kwa njia, niambie.”

Mwishowe mtumbwi ukatokea nyuma ya miamba. Kaka yake mama ndiye aliyekuwa akipiga kasia. Hapo hapo nikamwona nyanya, mama yake baba, akishuka polepole kati ya mawe. Nikamvuta mama nguo. Alipogeuka na kumwona, sabuni ilimponyoka.

Nyanya alitufikia akihema. Angeweza kurudi kuwaita wanawe. Alimtazama mama kwa muda mrefu, halafu akatoa sweta yangu chini ya leso yake.

“Umeacha hii kwa kamba,” alimwambia. “Huko ziwani kuna baridi.”