Samaki wa Mgeni wa Mwanangu

Jamani, leo mwanangu kalia mtoni mbele ya kijiji kizima!

Saidi wangu, aliyesomea mambo ya mito. Serikali imemleta hapa kwenye kijiji chetu cha ujamaa atufundishe kutunza mto. Akisema, hata mwenyekiti kimya. (Mimi ndiye niliyemzaa!)

Leo mkubwa wake kaja na Landrova kutoka Lindi, aone kama tunaelewa, ndipo amthibitishe kazini.

Saidi akasema, "Tusivue kwa utupa. Sumu ile inaua hata vifaranga vya samaki."

Sote: "Ndiyooo!"

Mara samaki hao, wanaelea matumbo juu.

Kumbe wifi yangu Somoe katia utupa kule juu!

"Wifi, umefanya nini?"

"Heee! Mgeni mkubwa vile tumlishe kisamvu? Si wewe uliyesema tumheshimishe mwanao?"

Watu wakajitosa na matenga, mwenyekiti mbele.

Mkubwa kapanda gari, hakuaga.

Saidi bado yumo majini, analia huku anaokota vifaranga vilivyokufa. Namwita, hageuki.

Somoe anasema nisilie, mgeni akipoa atarudi kula.

Nyinyi mliozaa wasomi, nimwambieje mwanangu atoke majini?