Nilimpigia Makofi Akitupa Dawa Zake

Swali lililoninyima usingizi kwa wiki tatu ni hili: Macharia alitupa dawa zake kwa sababu yangu, au angezitupa tu?

Nilitaka sana jibu liwe hilo la pili. Nimelitafuta kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kutafuta kazi. Nimejiambia kwamba wagonjwa wengi huacha dawa. Nimejiambia kwamba yeye ni mtu mzima. Nimejiambia kwamba hata wengine walicheka. Upuuzi mtupu! Alizitupa kwa sababu yangu. Sasa nimeshasema, na sijapata nafuu yoyote, kwa hiyo wacha niendelee.

Macharia si jina lake halisi. Langu sikupi. Aibu yangu utapata yote, lakini jina hapana, kwa sababu hata wewe una majirani.

Nina digrii ya saikolojia. Cheka tu. Nilihitimu, nikapanga chumba Huruma, hapa Eldoret, nikaanza kutuma maombi ya kazi na kuwaza. Kuwaza ndiyo kazi pekee niliyoipata. Mtu akiniambia "Sasa?" natumia nusu saa kujiuliza kwa nini jana alisema "Habari yako?" Tena mimi ni shoga, na nyumbani kwetu Cheptiret hawajui, kwa hiyo mawazo yangu hayajawahi kukosa la kutafuna.

Kila Jumapili mchana tulikutana watu kama kumi hivi chumbani kwa Naliaka. Naliaka ni fundi wa kushona sare za shule, mwanamke anayependa wanawake wenzake na asiyeogopa mtu yeyote. Tulikunywa chai, tukasengenya, tukapumua. Pale hakuna aliyeulizwa kabila lake. Katika mji huu, kwa aliyeona nyumba zikichomwa kwa ukabila baada ya uchaguzi ule wa 2007, hilo si jambo dogo. Tulijisifu sana kwa hilo. Tulijiona watu bora kuliko mji mzima!

Kisha mhubiri mmoja akaanza kusema redioni kwamba watu kama sisi ni wagonjwa wa akili, tufungiwe wadini. Tulikasirika. Nami, msomi wa kikundi, ambaye walikuwa wakiniita Prof, nikatunga jibu. Kila anayefika Jumapili asimame, ataje jina lake, kisha aseme: "Na akili yangu ni timamu." Wengine wapige makofi. Ikawa kama ushuhuda wa kanisani, maana wengi wetu tulilelewa kwa ushuhuda na hatujui njia nyingine ya kusema jambo zito mbele za watu.

Waliipenda. Nami nikapenda kupendwa.

Hakuna aliyeuliza, hata mimi ninayeuliza kila kitu: na ambaye akili yake inaumwa, je? Mhubiri alitutukana kwa kutuita wagonjwa, nasi tukakubaliana naye kabisa kwamba ugonjwa ni tusi. Tulichobishania tu ni nani atukanwe. Wapiganaji wa haki, ndio sisi hao!

Macharia alikuwa na miaka tisa nyumba yao ilipochomwa huko Burnt Forest, katika ghasia zile za uchaguzi. Baba yake hakutoka ndani. Alikua mtu wa kulala na viatu miguuni. Baadaye akaanza kusikia watu wakija, watu ambao hakuna mwingine aliyewasikia. Mama yake akampeleka kliniki, akapewa dawa, na kwa miaka minne akatulia. Alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda mjini, na alikuwa ndiye mchekeshaji wetu.

Zamu yake ilipofika, alisimama akasema, "Mimi ni Macharia. Akili yangu huwa inaumwa, lakini nameza dawa, niko sawa."

Akaketi. Akatabasamu kabisa, maskini, akingoja makofi.

"Ala!" akasema Brayo, yule wetu wa mdomo mrefu. "Kumbe tuko na mwendawazimu hapa na tunampatia chai kwa kikombe cha udongo?"

Watu wakacheka.

"Si wazimu, bana. Ni dawa tu, kama zile mama yako anameza za presha."

"Mathe akikosa za presha anaumwa na kichwa, buda. Wewe ukikosa zako, si utatukimbiza na panga?"

Ungedhani mwenye digrii angesema kitu. Nilisema! Nilisema hivi: "Macharia, tafadhali. Hayo yakitoka nje, yule mhubiri ameshinda. Simama useme kama wengine."

"Nidanganye?"

"Basi chagua. Sisi ama vidonge."

Nilisema hivyo kwa sauti ya upole, ile tuliyofundishwa chuoni ya kuzungumza na wagonjwa.

Jumapili iliyofuata alikuja na pakiti yake, akaitupa ndani ya gunia ambalo Naliaka huweka vipande vya vitambaa. "Haya," akasema. "Mimi ni Macharia, na akili yangu ni timamu."

Makofi! Na aliyeanza kupiga ni nani? Mimi.

Sasa sikia uchafu wenyewe. Siku hiyo, ndani ya begi langu, kwenye kopo lililoandikwa vitamini, nilikuwa na vidonge vyangu. Ni vya wasiwasi. Nilikuwa nimevimeza kwa miezi saba, na nilikuwa nikienda kuvichukua Nakuru ili nisionekane hapa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemeza kimoja nipate ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Nikautumia ujasiri huo kumshangilia mgonjwa mwenzangu akitupa dawa!

Wiki sita zikapita. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na wakulima wakaanza kuchoma mabua mashambani. Moshi ukatanda mpaka mjini. Kwako na kwangu ni moshi tu. Macharia aliunusa akatoka mbio, akafuata barabara ya Nakuru kwa miguu, bila viatu, mpaka Cheptiret. Huko akaanza kugonga milango ya maduka akiwaambia watu watoke kabla hawajachomwa.

Mama mmoja mwenye duka aliichukua simu ya Macharia, akapiga namba ya mwisho. Ilikuwa yangu.

"Kuna kijana hapa anapiga kelele tutoke, moto unakuja. Vijana wa boda wanasema ni mwizi. Ni mtu wako?"

"Ngoja nikupigie, Mama."

Nikaketi kitandani kuchagua neno. Rafiki? Ataniuliza rafiki wa wapi, na hapo Cheptiret ndipo kwetu, huenda sauti yangu anaijua. Binamu? Yeye Mkikuyu, mimi Mkalenjin, binamu wa upande gani? Mfanyakazi mwenzangu? Kazi gani hiyo! Nilichukua karatasi, wallahi, nikayaandika maneno hayo moja chini ya lingine, nikaanza kuyakata.

Saa nzima!

Mwishowe nikampigia Naliaka anishauri. Hata sikumaliza kueleza. "Prof, wewe ni mjinga kiasi gani?" akaniuliza, akakata simu, akachukua boda. Alipofika kwenye lile kundi la watu alisema, "Huyu ni wangu." Basi. Wakampisha. Lakini mkono wa Macharia ulikuwa umeshavunjwa mahali pawili.

Mama yake akaja hospitalini. Anauza viazi sokoni Burnt Forest, na vidole vyake bado vilikuwa na udongo. Alitutazama mmoja mmoja.

"Miaka minne mtoto wangu ametulia. Nani alimwambia aache dawa?"

Brayo akatazama dirisha. Wengine sakafu.

"Hatujui, Mama," nikasema.

Muuguzi akaleta vidonge. Macharia akageuza uso ukutani. "Sitaki. Mimi akili yangu ni timamu." Sentensi yangu, neno kwa neno, kama mwanafunzi aliyekariri vizuri. Mama yake akalia. Muuguzi akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekataa.

Alirudishwa kwa mama yake Burnt Forest na plasta mkononi, na huko pia akakataa. Kila siku Naliaka alipigiwa simu na yule mama: leo amekataa, leo amelala chini ya kitanda, leo amekataa hata uji kwa kuhofia umetiwa dawa. Na mimi kila siku nilikuwa na sababu mpya ya kutokwenda. Nikienda nitamsumbua. Nikienda mama yake atajua sisi ni nani. Nisipokwenda atapona polepole. Ningeweza kuandika tasnifu kuhusu woga wangu, na ningepasi.

Wewe unayesoma hapo, wa kwetu au si wa kwetu, usinionee huruma. Jiangalie wewe. Kwenye kikundi chenu kuna mtu anayemeza kitu kwa kujificha chooni. Amesikia mkisema "huyo ni chizi" na kucheka, akacheka nanyi. Mnamwita ndugu, mnamwita dada, mnajaza mdomo neno familia! Afadhali yule mhubiri wa redio, kwani hakuwahi kutuambia anatupenda.

Jumamosi nilienda Burnt Forest.

Mama Macharia alikuwa uani akichagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Sikungoja kukaribishwa kiti, kwa kuwa nilijua nikikaa nitaanza kuwaza.

"Mama, ni mimi nilimwambia aache dawa."

Mikono yake haikusimama. "Si wewe ndiye ulisema hamjui?"

"Ni mimi."

"Hm." Akatupa kiazi kilichooza. "Ingia umwambie mwenyewe. Mimi nikianza kukujibu, majirani watajaa hapa."

Macharia alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, amekonda. "Prof," akasema. "Umekuja kusikia kama bado naikumbuka ile sentensi yako? Naikumbuka."

"Mimi nameza dawa, Macharia."

"Dawa gani?"

"Za akili. Miezi tisa sasa."

Akafikiri. Niliona akihesabu nyuma. "Hata ile siku?"

"Asubuhi yake."

"Na ukanipigia makofi."

"Ndiyo."

Nilitarajia matusi, na nilikuwa nimejiandalia jibu kwa kila tusi. Hakutukana. Alinitazama tu, kutoka kichwani mpaka viatuni, kama fundi anayetazama simu ambayo haifai hata vipuri.

"Kwa hiyo nimelala chini ya kitanda wiki hizi zote," akasema, "ili nifanane na mtu ambaye hayuko."

Akageukia mlangoni.

"Mama!" akaita. "Leta maji. Na zile dawa."

Yule mama aliingia mbio mpaka akamwaga nusu ya maji mlangoni. Macharia alimeza vidonge vyote viwili mbele yangu bila kuniondolea macho, akafungua mdomo kuonyesha kwamba vimeshuka. Nilianza kusema pole. Akainua ule mkono wa plasta.

"Usiniombe msamaha hapa. Nenda uwaambie wale uliowafundisha kunicheka."

Nilienda. Kesho yake, Jumapili, chumbani kwa Naliaka, kabla chai haijamiminwa, nilisimama nikataja jina langu, nikataja ugonjwa wangu, nikataja dawa na kliniki ninayozichukulia. Brayo akaanza, "Kumbe Prof pia ni..." na Naliaka akamwambia afunge mdomo. Nikawaambia nilichomfanyia Macharia Jumapili ya kwanza, nilichomfanyia ya pili, na ile saa moja ya karatasi. Hakuna aliyepiga makofi.