Kompyuta Iliyofukizwa Unsi

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka kumi na sita, na ndipo taabu iliponianza. Tulikimbia vita Kismayu na nguo za mwilini, mama mbele, mimi nyuma na sufuria kichwani. Shule niliishia darasa la tatu. Sitafuti huruma, nataka tu ijulikane kwamba kazi hii sikufundishwa na mchu, yaani mtu, kama tusemavyo sisi Wabajuni. Mombasa tuliwekwa kambi ya wakimbizi; huko nilifagia duka la fundi redio, nikatazama, nikashika chuma cha kulehemu, na kutoka redio nikaingia kwenye kompyuta. Nilirudi Kismayu na mvi zangu nikawa fundi wa kompyuta za maofisi. Ikikwama huko bandarini, naitwa mimi.

Mteja niliyempenda kuliko wote, na aliyenichosha kuliko wote, ni mama mmoja, mwenyeji wa Darakasi, mwenye ofisi ya mizigo hapo bandarini. Naye alikaa kambini miaka, akarudi. Wanawe wako Ulaya na hawakutaka arudi. Basi kompyuta yake ikaanza kujizima. Yuko katikati ya kuandika mizigo ya watu, mara giza. Siku moja mwanawe mkubwa akampigia simu mbele yangu, sauti imefunguliwa:

"Mama, ikizima tena, funga hiyo ofisi. Nakutumia tiketi."

Mama akakata simu, akanigeukia. "Umesikia? Wataniweka kwenye baridi nitazame televisheni kama maiti."

"Maiti hatazami televisheni, mama."

"Nyamaza, fungua mashine!"

Nikafungua. Feni imeganda. Vumbi la Kismayu nalijua, na hili halikuwa vumbi. Kitu cha kahawia, kinanata kama halwa, kinanukia harusi. Nikainama chini ya meza. Chetezo hicho, makaa mekundu, moshi unapanda moja kwa moja ndani ya kompyuta.

"Mama, hii ni nini?"

"Unsi. Kwani wewe hukuzaliwa huku?"

Unsi ni ubani unaopikwa na sukari; hakuna nyumba ya Kismayu isiyonukia.

"Riziki yangu yote imo humo," akasema, "na macho ya watu ni mengi. Kila ikizima, naongeza."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kisha nikamwambia wazi, maana mimi sijui kuzunguka: "Unaiua wewe. Utomvu na sukari vinapanda na moshi, vinaganda kwenye feni, mashine inapata joto, inajizima isiungue."

"Yaani hasidi ni mimi mwenyewe?"

"Ni wewe."

Alininunia. Lakini sikumwambia aache unsi. Mama yangu alifukiza hata hema la kambini, ningeanzia wapi? Nikasugua feni kwa spiriti na mswaki, nikampa sharti: afukize alfajiri, kompyuta imezimwa na kufunikwa leso nzito. Moshi ukitoka wote, afunue, awashe.

Kesho yake simu: "Njoo, imezima!"

Nikaenda mbio. Naikuta imefunikwa leso gubigubi, kioo tu kimetokeza, ya moto kama mkate wa kinu.

"Mama, nilisema ufunue!"

"Mabaharia wanaingia na kutoka hapa, niiache wazi tu?"

"Mashine haina uchi!"

Akacheka yeye safari hii, mpaka akafuta machozi kwa pindo la mtandio.

Leso ikaondoka, na mashine haikuzima tena. Jahazi la mizigo lilipoingia, akampigia mwanawe simu ya video, akaisimamisha juu ya meza, akaandika mizigo yote mtoto akitazama, gunia kwa gunia. Alipomaliza akasema, "Umeona? Tiketi mpelekee mama mkwe wako."

Habari ikatembea bandari nzima, aliitembeza yeye. Wenye maduka ya jumla wakaanza kunitafuta, na mama akanikatia chumba nyuma ya ofisi yake. Niwe karibu, alisema, ili asipate shida kunigombeza.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vitatu. Nina bajaji moja. Nina kisima cha maji matamu. Nina mbuzi sita. Nina meza mbili za kazi, vyombo vyangu vyote vya ufundi, na ufunguo wa chumba kile.