Mshono wa Ndani

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo usiolala. Wateja walimpa jina hilo kwa kuwa pindo zake hazikufumuka hata nguo ichakae. Ukimwambia utapitia kesho, anakujibu, "Kesho ya nini? Kaa hapo, uondoke umevaa."

Basi madaktari walipomkata kipande cha utumbo chenye saratani na kuziunga ncha mbili kwa uzi, yeye akaona kazi imekwisha. Ilibaki dawa ya dripu ya kuua mabaki, na hiyo aliitaka jana. Alihisi ugonjwa unazidi kujitanua tumboni mwake kama mwenye nyumba, na aliogopa kweli kweli.

Siku ya kliniki ilipofika, tumbo lilikuwa linamkata na homa imempanda. Je, alisema? Thubutu! Alimeza vidonge vya kushusha homa, akajipaka mafuta, akamwonya mdogo wake wa kiume aliyemsindikiza, "Ukifungua huo mdomo, naushona."

"Umepata homa, mama?" daktari akauliza. Alikuwa binti wa rika la mwanawe.

"Hata chembe, mwanangu."

"Na tumbo?"

"Shwari. Nitundikie dripu niende zangu. Mshono ni mshono bwana, nikishakata uzi nguo inavaliwa."

Daktari alicheka, kisha akatulia. "Nguo haina uhai, mama. Uzi wetu unashikilia tu. Anayeshona ni mwili wako, na bado hajamaliza. Dawa hii inaua vinavyoota haraka. Saratani inaota haraka, na nyama changa ya mshono nayo inaota haraka. Dawa haijui kuchagua. Mshono ukiachia, utumbo unavuja."

Mama Pindo akanyamaza. Yeye, kunyamaza! Mdogo wake akageuka kumtazama.

"Nimekudanganya, mwanangu," akasema. "Tumbo linaniuma tangu jana. Homa nimeimezea vidonge."

Daktari akamlaza, akambonyeza tumbo taratibu, akaagiza apigwe picha upesi kuona kama mshono umeanza kuvuja. Dripu ikaahirishwa.

"Na ugonjwa ukinitangulia je?" Mama Pindo aliuliza, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Hilo sijui, mama. Ninachojua, ningekutundikia leo ningekuua kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama Pindo akaushika mkono huo, wala hakuuachia mpaka wauguzi walipokuja kumpeleka kwenye picha.